Konzi ya Kimea

Lubumbashi, tarehe 10 Juni 1979

Yaya Germaine mpendwa,

Salamu nyingi kwako dada yangu mkubwa, kwa watoto, na kwa kila mtu anayekunywa munkoyo wako hapo kando ya barabara ya Kasomeno. Mguu wako umepoa? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo. Usianze kulia. Si njaa, ni kazi.

Umeniuliza hiyo kazi ni kazi gani hasa, maana watu wakikuuliza unajibu tu "iko ku maabara" na maneno yanaishia hapo. Basi sikiliza. Wewe ukipika uji wa mahindi, unangoja upoe mpaka kidole kivumilie, halafu unatia mizizi ya munkoyo. Uji mzito unalainika, kesho yake ni mtamu, na hukutia hata kijiko cha sukari. Ndani ya mzizi mna kitu kinachoukata wanga na kuugeuza sukari. Vitabuni wanakiita kimeng'enya, sisi kazini tunasema enzime. Sasa Mkurugenzi wetu, citoyen Kalenga (siku hizi sote tunaitana citoyen, raia), anataka tufanye vilevile kwa mabua ya mahindi, hayo mnayoyachoma shambani. Bua nalo lina sukari, lakini imefungwa vibaya sana, munkoyo hauiwezi. Kuna ukungu wa kijani unaoota kwenye miti iliyooza, huo ndio wenye vimeng'enya vya kulifungua bua. Tukiipata sukari tunaichachusha, inakuwa alkoli, na alkoli inaendesha gari. Siku hizi magari yanalala foleni siku tatu kungoja petroli, kwa hiyo unaelewa kwa nini wakubwa wanatukodolea macho.

Shida ni kwamba mabua yanakataa. Tunaweka gramu mia, tunapata sukari gramu nne, siku ya bahati tano. Mwenzangu Paulin Kunda anasema tuwe na subira. Paulin ndiye aliyenitafutia kazi hii na kunifundisha kusoma vipimo, nilikwisha kukuandikia habari zake. Citoyen Kalenga hana subira. Amesema mmoja wetu ataenda kusoma Ubelgiji mwakani, lakini mabua yakiendelea hivi hakuna atakayekwenda hata Likasi.

Nakuomba kitu. Mashine yetu ya kusagia imekufa na vipuri havipatikani. Ungenitwangia mabua ya shamba letu, yale makavu, yawe unga kabisa, unitumie magunia mawili kwa lori la Mukuka akipita na samaki zake?

Mdogo wako anayekutegemea,
Donat


Kasomeno, tarehe 2 Julai 1979

Kwa mdogo wangu Donat,

Barua yako imefika ikinuka samaki wa Pweto, Mukuka aliificha chini ya kiti pamoja na kitoweo chake. Sisi sote ni wazima. Mguu umepoa, asante kwa kuuliza kabla ya kuomba.

Kwa hiyo magari nayo yatakunywa! Nilipomsomea Mukuka alicheka mpaka akashika tumbo. Anasema lori lake hata bila pombe halinyooki barabarani, likilewa je?

Nimetwanga siku nne. Wanawake wanapita wanasimama, "Germaine, njaa imekufikisha hapo, unatwanga mabua?" Nikawaambia natwanga unga wa bukari, ugali wa wazungu. Magunia mawili yamejaa, nimeyashona mdomo mwenyewe, na Mukuka nimemwapisha asiyakalie.

Usihuzunike kwamba yanakataa. Hata sufuria yangu hukataa, mwezi mzima wakati mwingine, halafu inakubali. Nimekutengenezea vizuri kwa mikono yangu. Wewe fanya kazi yako tu. Mama alipotuacha ulikuwa mtoto wa miaka saba, na nilimwahidi kwamba utasoma mpaka vitabu viishe. Sasa kama vingine viko Ubelgiji, vifuate.

Msalimie Paulin na mkewe Jeanne. Mwambie Paulin aendelee kukuangalia, una mikono mizuri lakini una haraka.

Ni mimi Yaya yako,
Germaine


Lubumbashi, tarehe 29 Julai 1979

Yaya wee!

Naanza na habari, afya utaisoma katikati. Mabua yamekubali! Gramu thelathini na moja katika mia! Tumerudia mara tatu, gunia la kwanza na la pili, ni hivyohivyo. Citoyen Kalenga alikuja mwenyewe, akashika chupa, akaitazama dirishani, akanishika bega mbele ya watu wote. Amesema mabua ya Kasomeno yana udongo wake. Sasa wanataka kujenga tangi kubwa, wakulima wa huko wote walete mabua, na lori la Mukuka liwe la kwanza kunyweshwa. Mimi ni mzima sana. Nimenenepa kwa furaha.

Na Ubelgiji, Yaya, jina langu ndilo linalotajwa.

Anayeharibu furaha ni Paulin tu. Hakukataa, lakini hakucheka. Alichukua unga wa gunia lako kidogo, akaudondoshea iodini, ile dawa ya rangi ya kahawia tunayotumia kuutafuta wanga. Ukiwepo wanga, rangi inageuka buluu. Ikageuka. Aliniita nione, na kweli niliiona, buluu iliyoiva. Anasema bua kavu haliwezi kuwa na wanga wa kiasi hicho, kwa hiyo sukari tunayoipata haitoki kwenye bua. Amesema atalieleza jambo hilo kwenye mkutano mkubwa, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, watakapokuja wakubwa wa mkoa na wengine kutoka Kinshasa. Nimemwomba angoje. Anajibu kwamba tangi likijengwa juu ya hesabu mbaya, wakulima watabeba mabua miezi mitatu bure, na aibu itakuwa yetu.

Labda ni wivu, sijui. Si tabia yake. Wewe uliyatwanga, unaweza kunihakikishia kwamba ni mabua tu?

Mdogo wako mwenye furaha,
Donat


Kasomeno, tarehe 22 Agosti 1979

Donat mdogo wangu,

Tumeamka, tunapumua. Barua yako imechelewa, Mukuka alikwama Pweto wiki mbili bila petroli. Ningeipata mapema ningejibu mapema. Isome hii peke yako, halafu usikae nayo.

Si mabua tu.

Unajua jinsi mama alivyotulea. Sufuria ya jirani ikikataa kuwa tamu, huendi kumwambia mbele ya watu kwamba ameshindwa. Unapita kwake kama mtu anayeomba moto, unatia konzi moja ya kimea chako, ule unga wa mahindi yaliyooteshwa, unaondoka. Yeye anajua, wewe unajua, hakuna anayesema. Mara ngapi mimi mwenyewe nimeikuta sufuria yangu imekubali asubuhi na sikuuliza ni nani aliyepita! Ulipoandika kwamba mabua yanakataa nikaona ni sufuria ya mdogo wangu, na nani wa kuisaidia kama si mimi? Nilikuwa na mahindi niliyoyaotesha kwa ajili ya munkoyo wa ubatizo wa mtoto wa jirani yetu Nkandu. Nikayakausha, nikayatwanga pamoja na mabua yako, konzi juu ya konzi, na mizizi ya munkoyo nikaitwanga humohumo. Nilipomaliza hata mimi sikuweza kutofautisha unga na unga.

Nilidhani ninyi mnataka utamu. Sikuelewa kwamba mnataka kujua utamu unatoka wapi. Sasa nimeelewa, Paulin amenielewesha kupitia barua yako, na moyo wangu unaniuma. Nimekudanganya bila kusema uongo hata mmoja.

Mwenzako ana haki. Ameona sawasawa. Nenda kwa Mkurugenzi kabla ya mkutano, mwonyeshe barua hii, mwambie ni mwanamke mmoja wa Kasomeno asiyejua kitu aliyeharibu kazi. Weka kosa juu yangu lote. Mimi hawatanifukuza popote, wateja wangu ni madereva.

Mukuka ameapa kukukabidhi mkononi.

Yaya yako anayekuomba msamaha,
Germaine


Lubumbashi, tarehe 9 Septemba 1979

Yaya mpendwa,

Natumaini hii itakukuta salama. Mimi sina ugonjwa.

Barua yako imenifikia Alhamisi. Mkutano ulikuwa Jumatatu. Unajua jinsi lori linavyosumbua.

Paulin alisimama akasema yote kuhusu iodini. Citoyen Kalenga alimjibu kwamba wanga ule ulitoka kwenye mikono yake, kwamba alikula bukari saa sita akarudi kazini bila kunawa. Watu walicheka. Siku iliyofuata alipewa karatasi ya kuachishwa kazi, eti anaipinga kazi ya taifa. Jeanne alifunga vitu, wamepanda treni kwenda kwa wazazi wake Sakania.

Usijilaumu. Wewe ulifanya kwa upendo, na mimi nisingeweza kufanya kitu. Ingefika siku tano tu mapema.

Mdogo wako,
Donat


Kasomeno, tarehe 30 Septemba 1979

Donat,

Nakusalimu. Nina uzima wa mwili tu. Tangu nisome barua yako sipiki munkoyo. Nikishika kimea namwona mtu nisiyemjua uso amesimama mbele ya watu wanaomcheka, na mimi ndiye niliyemtia ule unga mikononi. Ana watoto wangapi? Wewe hukuniandikia na mimi sikuwahi kuuliza.

Nimeungama kwa padri. Akaniuliza, "Mama, yule muntu anasha jua?" Nikasema bado. Akanipa sala za kusali, lakini niliona kwamba hakuridhika. Mimi pia sijaridhika.

Ninachojua ni hiki: karatasi iliyomwondoa inaweza kuandikwa nyingine ya kumrudisha. Mkutano umepita, sawa, lakini Mkurugenzi yupo na wewe upo na barua yangu ipo. Mpelekee leo. Kama unaogopa niambie, nitakuja mwenyewe na lori, nitasimama mlangoni kwake na kinu changu, aone nilivyofanya.

Nijibu upesi.

Yaya yako,
Germaine


Lubumbashi, tarehe 11 Novemba 1979

Yaya,

Habari za masiku? Samahani kwa kuchelewa, kazi imekuwa nyingi na jioni kuna mazoezi ya nyimbo za Chama, hakuna anayeruhusiwa kukosa.

Nimefikiria maneno yako. Tafadhali usije. Mambo ya ofisi si kama ya sokoni, mtu haingii tu. Ripoti imekwishaondoka, wakubwa wameitia sahihi. Nikienda sasa nitamwaibisha Mkurugenzi na Paulin hatarudishwa, tutakuwa wawili nje badala ya mmoja. Lakini nikienda Ubelgiji mwezi wa pili nitajifunza vizuri, nitarudi na cheo, na hapo nitamwita Paulin mwenyewe. Ndiyo njia ya kumsaidia kweli. Nimesikia anauza chumvi na sabuni karibu na stesheni ya Sakania, kwa hiyo hana njaa.

Ana watoto watatu. Mdogo bado ananyonya.

Pika munkoyo wako. Watu wa barabarani wana kiu.

Mdogo wako,
Donat


Kasomeno, tarehe 16 Desemba 1979

Donat,

Leo sikuulizi afya.

Mukuka amepita jana. Tulikuwa tunaongea tu, nikamwambia kwamba uzito wote huu ni wa barua iliyochelewa. Alishangaa. Akaniambia: "Kuchelewa namna gani, Mama? Ile siku ilikuwa samedi, ya salongo. Banatukamata sisi bashofere, tunafyeka majani ku barabara mpaka saa sita. Kutoka pale njo nilienda kumutafuta. Mudogo yako aliisomaka palepale, ku mulango ya camion. Aliisoma mara mbili. Njo akaniomba mayi ya kunywa."

Nikamuuliza ni Jumamosi ipi. Akasema ya kwanza ya Septemba, maana Jumatatu yake alikuwa kwenye foleni ya petroli na aliona magari ya wakubwa yakipita kwenda kwenye mkutano wenu.

Nimehesabu kwa vidole. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

Niambie Mukuka ni mwongo. Nitafurahi sana akiwa mwongo.

Germaine


Lubumbashi, tarehe 24 Februari 1980

Yaya yangu,

Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila mara nilianza na salamu nikashindwa kuzimaliza. Leo naandika bila salamu.

Mukuka si mwongo.

Niliisoma nikiegemea mlango wa lori. Nataka uujue ukweli wote, hata ule unaonuka. Wazo langu la kwanza halikuwa Paulin. Wazo langu la kwanza lilikuwa: nani mwingine anajua? Nilimtazama Mukuka nikakumbuka hajui kusoma vizuri, moyo ukatulia. Nilitulia, Yaya! Hilo ndilo ninaloshindwa kulisahau.

Jumapili Paulin alinikaribisha kwake. Jeanne alipika mboga za majani na samaki. Paulin aliniambia, "Kesho mi nitasema. Weye ulionaka ile rangi, haiko lazima useme mingi, sema tu uliona." Nikamwambia sawa. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nakula nayo.

Jumatatu alisimama akaeleza polepole, bila hasira, nilikwisha kukuandikia alivyo. Citoyen Kalenga akasema, "Citoyen Kunda, ile buluu haitoke mu gunia. Inatoka ku mikono yako. Ulikulaka bukari, haukunawaka." Ukumbi mzima ukacheka. Paulin akangoja kicheko kiishe, akanionyesha kwa mkono, akasema, "Muulize citoyen Mwape. Yeye alionaka." Wote wakanigeukia. Nikasema, "Mi sikuonaka muzuri."

Maneno matatu. Paulin aliniangalia kwa mshangao, hakuwa na chuki, kama mtu anayejiuliza amesahau nini. Halafu akaketi.

Mwezi wa kwanza tulipata mabua mapya kutoka mashamba mengine. Gramu nne. Citoyen Kalenga akaniuliza kwa nini, nikasema yalinyeshewa. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hapo niliogopa. Nilianza kukosa usingizi, nikaanza kuuosha mkono huu ninaoandikia kana kwamba bukari ilikuwa yangu.

Wiki iliyopita niliingia ofisini kwake nikamwambia yote, nikamwonyesha barua yako. Aliisoma, akanirudishia. Akasema, "Ripoti inasha fika Kinshasa, citoyen. Unataka miye niseme nini? Mama moya ya Kasomeno njo alitudanganya?" Nikamuuliza habari za Paulin. Akasema hilo ni jambo lililokwisha. Juzi nimepewa karatasi yangu. Ubelgiji atakwenda mwingine, mpwa wa mtu.

Sina kazi, sina chumba baada ya mwezi huu. Nakuomba nirudi nyumbani Kasomeno. Nitakutwangia. Nitachota maji. Usiniulize kitu mbele ya watoto.

Donat


Kasomeno, tarehe 9 Machi 1980

Donat,

Nimeisoma. Nimelia, halafu nimeisoma tena.

Mimi nilitia kimea bila kujua, na siku nilipojua niliandika. Wewe ulijua. Sikuandikii hivi ili nikupige, nakuandikia ili tusichanganye tena unga na unga.

Umemwambia Mkurugenzi. Vizuri, lakini Mkurugenzi si mtu uliyemkosea. Umeniambia mimi. Mimi pia siye. Wote uliowaambia ni wale ambao macho yao hayakuumi.

Nyumba ni yako, sahani yako ipo, watoto wanakuulizia kila lori likisimama. Ila usije bado. Panda treni uende Sakania. Barua yangu ile ya Agosti iweke mkononi mwa Paulin, aisome mwenyewe kwa macho yake, na umwambie ilikuwa wapi siku ile. Usiende na zawadi. Usiende na maelezo ya Ubelgiji. Akikupiga, pigwa.

Ukitoka huko njoo, utanikuta.

Yaya yako,
Germaine


Sakania, tarehe 12 Aprili 1980

Yaya Germaine,

Pokea salamu za Sakania. Mimi ni mzima, hawakunipiga. Ingekuwa rahisi zaidi wangenipiga.

Treni ilichukua siku mbili kwa safari ya siku moja. Nilimkuta Paulin kwenye meza yake ya chumvi na sabuni, nje ya nyumba ya baba mkwe wake. Aliponiona alisimama na kunikumbatia. Yaya, alinikumbatia! Akaniuliza habari za nyumbani, akakuulizia wewe, mguu wako, mpaka Mukuka. Mteja akaja, akamuuzia kipande cha sabuni, na kabla ya kuigusa alinawa mikono katika beseni iliyokuwa chini ya meza. Akaja mwingine, akanawa tena. Ngozi ya vidole imepasuka. Nilitaka kusema papo hapo, lakini alinitangulia. Akasema nimefika vizuri, kuna kitu anataka nikiangalie, maana mimi nilikuwepo.

Alitoa chini ya meza daftari tatu za shule. Ameandika humo siku ile ya iodini, saa kwa saa. Aliingia saa ngapi, aliosha chupa ipi kwa maji gani, alikula nini, alipangusa mikono kwa kitambaa kipi. Kurasa na kurasa, nyingine amezifuta akaandika upya. Alinieleza kwa upole kabisa, kama zamani aliponifundisha kusoma vipimo. Anasema mwanzoni alikuwa na hakika. Lakini mimi niliposema sikuona vizuri, alianza kufikiri, kwa sababu Donat hawezi kusema uongo, basi lazima yeye ndiye aliyekosea mahali fulani. Akikipata kosa lenyewe atamwandikia Mkurugenzi barua ya kuomba msamaha, labda watampokea tena hata kama mfagiaji. Aliniuliza, "Weye unakumbuka nilinawaka, ao sikunawaka?"

Miezi saba alikuwa analitafuta kosa lake, na mimi nilikuwa nalo mfukoni.

Nilimpa barua yako. Aliisoma amesimama. Alipofika pale kwenye kimea alirudi nyuma akasoma tena, kidole chini ya mstari. Halafu akaangalia tarehe. Nikamwambia niliipata Jumamosi, nilikuwa nayo Jumapili nilipokula kwao, nilikuwa nayo Jumatatu aliponionyesha kwa mkono. Nilisema yote, sikupunguza. Sijui kama alinisikia. Alikuwa analia na uso wake unacheka. Akaita kwa sauti kubwa mpaka watu wa stesheni wakageuka, "Jeanne! Jeanne, kuya hapa! Kuya usikie! Mi sikukosaka!"

Jeanne alitoka na mtoto mgongoni. Paulin alimsomea barua yako nzima, kila neno, hata habari ya Nkandu na ubatizo. Aliposoma kwamba ameona sawasawa alirudia hapo mara ya pili. Anakushukuru, Yaya. Amesema nikuandikie kwamba hana neno na wewe, na kwamba mtu aliyemtangazia haki yake bila kumjua ni ndugu. Kuhusu mimi hakuniagiza neno la kukuandikia.

Jeanne hakulia. Aliniuliza, "Na weye, ile siku banamucheka, ulikuwaka wapi?"

Nikamwambia nilikuwa nimekaa karibu naye, kiti kinachofuata.

Alimchukua mtoto mgongoni akamweka mikononi mwa baba yake, akaingia ndani. Naandika hii juu ya meza ya chumvi, jua linashuka, na hajatoka bado. Paulin amekaa hapa pembeni yangu na daftari zake magotini. Hazisomi tena, lakini hajaziweka chini.

Mdogo wako, kama bado unaniita hivyo,
Donat